Mawakili Wakinyamaza, Vishoka Ndio Wanaosikika

Mkulima wa Chimala aliyeshindwa kesi ya shamba katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Aliyeshindwa katika Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kwenda Mahakama ya Wilaya. Mfanyakazi wa mashine ya kukoboa mpunga aliyeachishwa kazi kinyume cha utaratibu naye ana siku 30 za kufikisha lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na dereva wa bodaboda aliyevunjwa mguu na lori kwenye barabara kuu ya Mbeya kwenda Iringa ana miaka 3 ya kufungua madai ya fidia. Siku hizo zinahesabika, mhusika ajue asijue. Zikipita, anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini mahakama zetu zimeshikilia kwa miaka mingi kwamba mwombaji aeleze kila siku aliyochelewa, na kusema tu kwamba hukuijua sheria hakukubaliwi kuwa sababu ya kutosha. Ndiyo maana watu wengi hupoteza mashamba, mafao na fidia wakiwa na haki kamili mkononi. Kilichowaangusha ni kwamba walimpata mtu wa kuwaeleza siku ya 60.

Mjadala wa mawakili kujitangaza mtandaoni ulipaswa kuanzia hapo. Badala yake, kwetu umezoea kuanzia kwenye heshima ya taaluma: je, inafaa wakili msomi ajinadi kama mwenye duka? Swali hilo linamhusu wakili. Linalomhusu mwananchi ni tofauti kabisa: nikipatwa na jambo leo, nitajuaje nani anaweza kunisaidia, yuko wapi, anatoza kiasi gani, na nimebakiza muda gani? Ninachodai katika makala haya ni kwamba wakili anayeweka majibu ya maswali hayo mtandaoni, kwa Kiswahili na kwa ukweli, anafanya sehemu ya kazi ya kutoa haki, na kanuni zinazomtia hofu asifanye hivyo zinamuumiza yule yule zinayedai kumlinda. Mawakili wanyamaze wasinyamaze, matangazo ya huduma za kisheria yapo. Wakinyamaza, yanabaki ya vishoka, yaani wanaojifanya mawakili, peke yao.

Chimala ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili, kwa sababu mahitaji ya sheria pale ni makubwa kuliko ukubwa wa mji wenyewe. Mji umekaa kando ya barabara kuu, katika Wilaya ya Mbarali, na nyuma yake limetandaa bonde la Usangu lenye mpunga, mifugo na maji ambayo kila mtu anayataka. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa kwenye ardhi oevu ya Ihefu kwa hoja ya kuokoa mto Ruaha Mkuu. Mwaka 2008, kwa Tangazo la Serikali Na. 28, Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ilipanuliwa hadi kuzidi kilomita za mraba 20,000, na tangu hapo vijiji vya Mbarali vimeishi na swali la mpaka uko wapi na nani yuko ndani yake. Ulipofika mwaka 2023, mamia ya wakulima walikuwa wamelipeleka suala la kuondolewa kwao Mahakama Kuu Mbeya. Kuna pia historia ya shamba la Kapunga, ambalo hati yake wakati wa ubinafsishaji ilimeza ardhi ya kijiji, ikachukua miaka ya malalamiko kulirekebisha kosa lililoandikwa kwenye karatasi moja. Hayo ndiyo makubwa yaliyofika magazetini. Chini yake kuna madogo ya kila siku yasiyoandikwa popote: majaruba yaliyokodishwa kwa mdomo, ng'ombe walioingia kwenye mpunga, ndugu waliogawana shamba la marehemu bila msimamizi wa mirathi, mkopo uliodhaminiwa na nyumba ya mtu asiyejua alichosaini. Na Chimala haijihudumii yenyewe tu. Watu wa Matamba na vijiji vya juu wanashuka ile barabara ya kona Hamsini na Saba kuja hospitali, sokoni na kwenye usafiri, na shida zao za kisheria wanashuka nazo.

Mawakili, kwa sehemu kubwa, wako Mbeya mjini, takriban kilomita 80 kutoka hapo. Nchi nzima ina mawakili walioandikishwa zaidi ya 10,000, idadi ambayo miaka 20 iliyopita ingeonekana ndoto, lakini wingi wao umejazana mijini. Mtu wa Chimala anamjua wakili kupitia mhuri: fomu ya mkopo wa elimu ya juu ya mwanawe, kiapo cha kupotelewa na cheti, mkataba wa kuuziana kiwanja. Anagongewa, analipa, anaondoka. Siku shida ikija, mlango wa kwanza anaobisha ni wa steshenari. Pale kuna kompyuta, kuna mashine ya kutoa nakala, na kuna mtu anayejua "lugha ya mahakama". Wengi wa hao ni watu wema wanaochapa walichoambiwa wachape. Baadhi yao, au wale wanaowaita kwa simu, ndio vishoka.

Kishoka hana tovuti yenye picha ya mizani, ila ana namba ya simu inayojulikana stendi, sokoni na kwenye vikundi vya WhatsApp. Anajibu usiku. Anaongea Kiswahili cha kawaida. Anataja bei papo hapo, na anaahidi ushindi, jambo ambalo wakili halali hawezi kuliahidi. Anaandaa hati ya madai kwa jina la mteja ili yeye asionekane, na kesi ikitupwa kwa kufunguliwa mahali pasipostahili au nje ya muda, hapatikani hewani. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inakataza mtu asiyeandikishwa kujifanya wakili, na ni kosa la jinai. Lakini kumkamata kishoka kunahitaji mteja aliyegundua kwamba huyo ni kishoka, na mteja atagunduaje ikiwa hajawahi kuona mahali popote jinsi maelezo ya wakili halali yanavyoonekana? Kanuni za maadili za mwaka 2018 zimewawekea mawakili mipaka mikali ya kujitangaza, zikiwa na nia njema kabisa. Zinamfunga anayeogopa Kamati ya Mawakili, chombo cha nidhamu cha taaluma hiyo. Kishoka haiogopi Kamati ya Mawakili, kwa kuwa hana leseni ya kunyang'anywa.

Inafaa kukumbuka kwamba katazo hili hatukulitunga sisi. Tulilirithi pamoja na joho, kutoka Uingereza ambako uwakili ulihesabiwa kuwa kazi ya waungwana wasiotafuta wateja. Chama cha Mawakili wa Tanganyika (TLS) kilipoanzishwa kwa sheria mwaka 1954, huo ndio uliokuwa utaratibu wa dola nzima. Waingereza wenyewe waliuacha: tangu 1984 mawakili wao wa kawaida wameruhusiwa kujitangaza. Marekani walikuwa wametangulia. Mwaka 1976 vijana wawili wa Phoenix, Arizona, John Bates na Van O'Steen, waliweka tangazo gazetini wakitaja bei za huduma ndogo ndogo, ikiwemo talaka isiyo na ubishi kwa dola 175 bila kuhesabu ada ya mahakama. Chama chao kiliwachukulia hatua za nidhamu. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ikaamua kwamba tangazo la kweli la bei ya huduma ya kawaida haliwezi kupigwa marufuku. Karibu nasi zaidi, mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Kenya, katika shauri la Okenyo Omwansa George, iliona kwamba marufuku ya jumla kwa mawakili kujitangaza inagongana na haki ya mtumiaji wa huduma kupata taarifa, haki iliyomo katika Katiba yao ya 2010. Mwaka 2014 zikatoka kanuni zinazoruhusu matangazo kwa masharti. Ninaitaja Kenya kwa sababu ya msingi uliotumika. Mahakama ilitazama haki ya mnunuzi wa huduma, yaani yule anayetafuta wakili, na huko ndiko na sisi tunakopaswa kutazama.

Sasa tuje kwenye mtandao wenyewe, kwa kuwa mengi yanayosemwa kuhusu "kuitangaza tovuti" ni maneno ya kuwatoa watu fedha. Kuna wanaozunguka kwenye ofisi za mawakili wakiuza ahadi ya kuwaweka wa kwanza Google. Google yenyewe imekuwa ikiwaonya wenye tovuti kwamba hakuna mtu anayeweza kuhakikisha nafasi hiyo. Mtambo wa kutafuta unafanya jambo moja linaloeleweka: unachukua maneno aliyoandika mtafutaji na mahali alipo, unayalinganisha na kurasa ulizozisoma, kisha unaleta zile zinazoelekea kumjibu na zinazoaminiwa na wengine. Kwa hiyo swali la kwanza la mwenye tovuti ni moja: mteja wangu ataandika nini? Kijana wa Igurusi akiwa na simu ya babu yake ataandika "mzee kafariki hajaacha wosia shamba linagawanywaje", au "nimefukuzwa kazi bila barua nifanyeje", au "mwenye gari kakataa kulipa matibabu ya ajali". Fungua tovuti nyingi za ofisi za mawakili nchini uone zimeandika nini. Zimeandikwa kwa Kiingereza, zimeorodhesha aina za huduma kwa majina ya vitabu vya chuo, zimeweka picha ya nyundo ya hakimu ambayo mahakama zetu hata hazina mazoea ya kuitumia, na zimejisifu kwa ubora na uadilifu. Hakuna neno hata moja ambalo yule kijana angeliandika. Mtambo hauwezi kuwakutanisha, kwa sababu hawajawahi kusema lugha moja.

Hili linauma zaidi ukizingatia kwamba tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama. Mahakama imehamia kwenye lugha ya mwananchi, baadhi ya hukumu zinaandikwa kwa Kiswahili, mashauri yanasajiliwa kwa mfumo wa kielektroniki, halafu mlango wa ofisi ya wakili, ambao ndio unapaswa kumwingiza mwananchi mahakamani, umebaki kwa Kiingereza. Ninaelewa sababu: wateja wanaolipa vizuri ni kampuni na wawekezaji, na tovuti inaandikwa kwa ajili yao. Ni uamuzi wa kibiashara unaoeleweka kwa ofisi ya Dar es Salaam inayoshughulika na madini na gesi. Kwa ofisi ya Mbeya au Iringa ambayo kazi yake ya kila wiki ni ardhi, mirathi, ajali na ajira, ni uamuzi usioeleweka. Wateja wake wako hapo hapo, wanatafuta kwa Kiswahili, na wanaambulia video za watu wasiojulikana.

Ukurasa wenye manufaa si kazi ya mabilioni. Chukua ofisi ndogo Mbeya yenye mawakili wawili. Kusajili ofisi kwenye ramani ya Google ni bure, na hiyo peke yake inamwezesha mtu aliyeshuka stendi kuifikia bila kupitia kwa mpiga debe. Anwani inayoishia na .co.tz haina gharama ya kutisha. Kisha ziandikwe kurasa chache, kila moja kwa jambo moja. Ukurasa wa mgogoro wa ardhi ueleze kwamba kwanza utakwenda Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu na wala si kutoa hukumu. Kwamba baraza likishindwa kusuluhisha ndani ya siku 30 unaweza kusonga mbele Baraza la Wilaya. Kwamba hukumu ya huko ina siku 45 za rufaa. Kwamba madai ya kurejesha ardhi kwa kawaida yana ukomo wa miaka 12. Ueleze mtu aje na karatasi gani: muhtasari wa kikao cha kijiji kilichogawa ardhi, hati ya mauziano, majina ya mashahidi wanaoijua mipaka. Ueleze kumwona wakili kwa mara ya kwanza ni shilingi ngapi. Mwisho utaje jina kamili la wakili, namba yake ya uandikishaji, na umwelekeze msomaji kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ahakikishe mwenyewe kwamba wakili huyo yupo kwenye orodha na hajasimamishwa. Ukurasa wa namna hiyo utasomwa na wengi ambao hawatakuja kuwa wateja, na watakuwa wamejua siku zao. Wachache watakuja, nao watakuja mapema wakiwa na karatasi sahihi, jambo ambalo wakili yeyote atakuambia ni nusu ya kesi.

Wapo watakaojibu kwa methali yetu kwamba kizuri chajiuza. Wakili mzuri, wanasema, atatangazwa na kazi yake. Kuna ukweli humo. Boniface Mwabukusi, wakili anayefanyia kazi Mbeya, alifahamika nchi nzima mwaka 2023 kupitia shauri la mkataba wa bandari lililosikilizwa Mahakama Kuu Mbeya, na Agosti 2024 mawakili wenzake wakamchagua kuwa Rais wa chama chao. Hakununua tangazo. Lakini kesi ya namna ile haiji kila mwaka, wala haiwafikii mawakili wote. Yule anayeshughulikia mirathi kwa umakini kwa miaka 15 hataitwa kwenye vyombo vya habari, kwa sababu mirathi iliyokwenda vizuri haina habari. Sifa yake inasafiri kwa mdomo, na mdomo unasafiri ndani ya watu wanaojuana: mfanyabiashara humwambia mfanyabiashara, mwalimu humwambia mwalimu mwenzake. Mjane wa Matamba asiye na ndugu mjini yuko nje ya mzunguko huo. Kwake, kizuri hakijajiuza hata siku moja, kwa sababu hakuna aliyekuwepo wa kumwambia kipo.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nami siichukulii kwa wepesi. Wanasema: ukifungua mlango, ataingia mwenye fedha. Mtandaoni nafasi ya juu ya matangazo huuzwa kwa mnada. Anayelipa zaidi kwa kila mbofyo ndiye anayeonekana, na huko Marekani maneno yanayohusu mawakili wa ajali ni miongoni mwa ghali kuliko yote. Gharama hiyo hairudi mbinguni, inarudi kwa mteja. Uingereza walipata somo lao. Baada ya milango kufunguliwa, zilizuka kampuni zisizo za mawakili zilizotangaza kwa nguvu, zikakusanya watu waliopata ajali, kisha zikawauza kwa mawakili kama mzigo wa mazao. Mojawapo, The Accident Group, ilianguka mwaka 2003, na wafanyakazi wake zaidi ya 2,000 wakapata habari ya kupoteza kazi kwa ujumbe wa simu. Ilichukua hadi Aprili 2013 kwa malipo ya kupeana wateja katika kesi za majeruhi kupigwa marufuku. Barabara yetu ya Uyole hadi Makambako ina ajali za kutosha kuwavutia wafanyabiashara wa aina hiyo, na mtu anayezunguka wodini akikusanya majina ya majeruhi si jambo gumu kulifikiria.

Kwa hiyo sidai mlango ufunguliwe wote. Ninadai mstari uchorwe mahali pake. Maelezo yanayoweza kuhakikiwa yawe huru: jina, mahali, namba ya uandikishaji, maeneo ya kazi, utaratibu wa kesi, muda wa kisheria, kiwango cha ada. Ahadi ya ushindi, majigambo ya kuwa bora kuliko wengine, picha za wateja na hesabu za fidia walizopata, malipo kwa anayeleta mteja, na kununua nafasi ya juu kwenye mitambo ya kutafuta kwa maneno ya ajali na misiba, vibaki marufuku na viadhibiwe. Mstari huo una faida moja kubwa: unaipa ofisi ndogo ya mkoani silaha isiyonunuliwa. Ukurasa ulioandikwa vizuri kwa Kiswahili kuhusu migogoro ya mashamba ya Usangu utamshinda mwenye ofisi ya ghorofa 20 ambaye hajui jaruba ni nini, ili mradi yeye asiruhusiwe kununua nafasi ya mbele. Na mipaka inayohusu siri za wateja tayari ina nguvu mpya, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamgusa pia wakili anayeanika sura ya mteja wake akiwa ameshika hukumu.

Kuhusu ada, nimesikia ikisemwa kwamba kuitangaza kutaanzisha vita vya bei. Lakini Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015 ipo, ina viwango, na ni waraka wa umma. Kinachofichwa hapa hakikuwa siri kisheria. Mtu anayeogopa kuingia ofisini kwa kutojua ataombwa laki moja au milioni tano hataingia kabisa, na woga huo ndio mtaji wa kishoka, ambaye elfu 50 yake inaonekana nafuu mpaka siku kesi inapotupwa. Ofisi isiyoweza kutaja bei ya kesi nzima kabla ya kuiona inaweza kutaja bei ya mazungumzo ya kwanza. Hilo tu lingewafungulia wengi mlango.

Itasemwa pia kwamba mkulima hana intaneti. Takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano zimevuka laini milioni 40 zinazotumia intaneti kufikia mwaka 2024, ingawa laini si watu, na bando linaisha, na mtandao wa bondeni si wa Uyole. Hata hivyo taarifa haihitaji kila mkono uwe na simu janja. Inahitaji mjukuu mmoja, au mwalimu, au msaidizi wa kisheria wa kijiji, au yule yule mchapaji wa steshenari. Tena huyo wa mwisho ndiye ningependa afikiwe kwanza. Akiwa na ukurasa wa kuaminika mbele yake, atamwambia mteja "baba, hii muda wake unaisha tarehe fulani, muone wakili" badala ya kubahatisha. Wengi wao wangependa kusema hivyo kama wangekuwa na pa kusoma.

Wengine watauliza, kwa nini tusiache msaada wa kisheria ufanye kazi hiyo? Tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia iliyozinduliwa 2023 imezunguka mikoani, na popote ilipofika, ardhi imekuwa miongoni mwa malalamiko yaliyoongoza. Misururu ile ndiyo ushahidi wangu. Watu waliobeba mafaili ya miaka 10 hawakuwa wamekosa haki mwaka huo. Walikuwa wamekosa wa kuwaeleza mwaka wa kwanza. Kampeni inakuja na kuondoka, na hema likikunjwa, siku 45 za mtu aliyehukumiwa wiki inayofuata zinaanza kuhesabiwa bila hema. Msaada wa bure ni kwa asiye na uwezo. Kati yake na mwekezaji kuna kundi kubwa la watu wenye uwezo wa kulipa kidogo kidogo, wakulima waliovuna magunia yao, wenye mashine, walimu, wenye nyumba za wageni, na hao hawamo kwenye mpango wa mtu yeyote.

Wenye mamlaka ya kutunga kanuni za mawakili, na TLS kwa sauti yake, wanapaswa kuzifungua kanuni za 2018 na kuandika kwa lugha isiyo na utata nini wakili anaruhusiwa kuweka mtandaoni, ili kijana aliyeapishwa juzi asiishi kwa kukisia kama ukurasa wake utampeleka Kamati ya Mawakili. Wakati hilo likisubiriwa, sehemu kubwa ya kazi haihitaji ruhusa mpya. Kueleza sheria kwa umma si kujinadi. Ofisi ya TLS ya kanda ya Mbeya ingeweza kuandaa kurasa za pamoja, zisizo na jina la wakili yeyote, kuhusu muda wa rufaa, mirathi, ajira na ardhi, zikiwa na orodha ya mawakili wote wa kanda na maeneo yao ya kazi. Vyuo vinavyofundisha sheria Iringa na Mbeya vina wanafunzi wa kutosha kuziandika kwa Kiswahili chini ya usimamizi wa walimu wao. Na kwa kuwa tangu 2021 mawakili wameruhusiwa kuingia katika Mahakama za Mwanzo zinazoongozwa na hakimu mkazi, mtu ambaye zamani angesimama peke yake mbele ya hakimu leo anaweza kusimama na wakili, endapo atajua kwamba ruhusa hiyo ipo na kwamba kuna wakili anayekubali kuja.